Mbao ya Balsa na Modeli ya Ndege: Fizikia Iliyomo Ndani ya Ubao Mwepesi

Ukimaliza kusoma mada hii uweze:
(a) kueleza kwa nini balsa ni nyepesi;
(b) kukokotoa densiti ya ubao na kuitumia kuchagua;
(c) kueleza uhusiano wa uzito, unene na mwelekeo wa nyuzi na uimara wa bawa;
(d) kukata, kuunganisha na kusawazisha modeli ya ndege isiyo na injini.

Mtahiniwa, huenda usikutane na neno "balsa" hata mara moja katika karatasi ya mtihani. Utakachokutana nacho ni densiti, momenti, nishati mwendo na kitovu cha graviti. Wengi hukariri kanuni za mambo haya manne, kila moja peke yake, kisha hukwama swali linapowaunganisha. Modeli ya ndege huyaunganisha yote kwa lazima, kwa sababu ukilikosea moja, ndege hairuki. Kwa hiyo soma mada hii ukiwa na kalamu na karatasi, na kila mfano ukokotoe mwenyewe kabla ya kuangalia ufumbuzi.

1. BALSA NI MTI GANI?

Balsa ni mti wa misitu ya joto ya Amerika ya Kati na Kusini. Jina lake la kisayansi ni Ochroma pyramidale, na nchi inayojulikana zaidi kwa kuuza mbao zake ni Ekuado. Umo katika familia ya Malvaceae, pamoja na mimea unayoifahamu vizuri: mbuyu, msufi, pamba na bamia. Kama msufi, tunda lake likipasuka hutoa sufi laini.

Mti huu hukua haraka sana, na huweza kuvunwa ukiwa na umri wa miaka michache tu. Kwa kuwa unakua haraka, seli zake ni kubwa na kuta za seli hizo ni nyembamba. Mti ukiwa hai, seli hujaa maji. Baada ya kukatwa, mbao hukaushwa katika tanuri, maji hutoka, na nafasi yake huchukuliwa na hewa. Unaposhika ubao wa balsa, sehemu kubwa ya kile ulichoshika ni hewa iliyozungukwa na kuta nyembamba za mbao. Hiyo ndiyo sababu ya wepesi wake.

Zingatia: Wataalamu wa mimea huugawa ulimwengu wa mbao katika makundi mawili, mbao ngumu na mbao laini. Mgawanyo huo hautokani na ugumu unaousikia kwa ukucha. Mbao ngumu hutoka katika miti inayotoa maua, na mbao laini hutoka katika miti ya jamii ya msonobari. Balsa hutoa maua, kwa hiyo huhesabiwa katika mbao ngumu, ingawa unaweza kuibonyeza kwa kidole ikaacha alama.

Neno "balsa" kwa Kihispania lina maana ya chelezo. Mwaka 1947 Thor Heyerdahl wa Norwei na wenzake watano walisafiri kwa chelezo cha magogo ya balsa kilichoitwa Kon-Tiki, kutoka Peru hadi visiwa vya Polinesia, kwa siku 101. Elea ya chelezo na kuruka kwa modeli ya ndege hutegemea sifa moja ya mti huu, yaani densiti ndogo.

2. DENSITI: PIMA KABLA YA KUKATA

Densiti ni tungamo ya kitu katika kila kizio cha ujazo wake.

Densiti = tungamo ÷ ujazo

Densiti ya maji ni gramu 1 kwa sentimita moja ya ujazo, sawa na kilo 1000 kwa mita moja ya ujazo. Mpingo una densiti kubwa kuliko maji, ndiyo maana kipande chake huzama. Mbao nyingi za seremala huelea, lakini sehemu kubwa ya ubao hubaki ndani ya maji. Balsa ya kawaida ina densiti ya takriban kilo 160 kwa mita moja ya ujazo, chini ya moja ya tano ya densiti ya maji.

Neno muhimu hapo ni "takriban". Balsa hutofautiana sana kutoka mti hadi mti, na hata katika mti mmoja. Huanzia chini ya kilo 100 hadi zaidi ya kilo 300 kwa mita moja ya ujazo. Mbao mbili zinaweza kulala pamoja katika rafu moja, zikiwa na ukubwa uleule na bei ileile, na moja ikawa na uzito maradufu wa mwenzake. Jicho halitakuambia. Mizani itakuambia.

Mfano wa 1
Mbao mbili za balsa, A na B, kila moja ina urefu wa sm 90, upana wa sm 10 na unene wa sm 0.2. Ubao A una tungamo ya gramu 18, na B gramu 36. Kokotoa densiti ya kila ubao.

Ufumbuzi
Ujazo = 90 × 10 × 0.2 = 180 (sentimita za ujazo)
Densiti ya A = 18 ÷ 180 = gramu 0.10 kwa sentimita ya ujazo (kilo 100 kwa mita ya ujazo)
Densiti ya B = 36 ÷ 180 = gramu 0.20 kwa sentimita ya ujazo (kilo 200 kwa mita ya ujazo)

Angalia kosa linalojirudia: mtahiniwa huandika unene wa milimita 2 kama 2, huku urefu na upana vikiwa katika sentimita. Jibu lake huwa dogo mara kumi. Badili vizio vyote viwe vya aina moja kwanza.

Kwa matumizi ya kawaida, wajenzi wa modeli huigawa balsa hivi:
- Nyepesi (kilo 130 kwa mita ya ujazo au pungufu): mkia, mbavu za bawa na sehemu za kujaza.
- Ya kati (kilo 130 hadi 190): bawa la ubao mmoja na ubavu wa kiwiliwili.
- Nzito (zaidi ya kilo 190): mihimili ya bawa na sehemu zinazobeba mzigo mkubwa.

3. UZITO UNAGHARIMU NINI?

Ndege inaporuka kwa usawa, kani ya kuinua inayotokana na mabawa lazima ilingane na uzito wake. Kwa bawa lilelile lililotegwa kwa pembe ileile, kani ya kuinua huongezeka kwa mraba wa kasi. Maana yake, ndege nzito zaidi haina budi kwenda kasi zaidi ili isianguke.

Mfano wa 2
Modeli ya kwanza ina tungamo ya gramu 20 na huruka kwa kasi ya mita 4 kwa sekunde. Modeli ya pili ina umbo na ukubwa uleule, lakini imejengwa kwa mbao nzito na ina tungamo ya gramu 40. Kokotoa kasi inayohitajika na modeli ya pili, kisha linganisha nishati mwendo zao.

Ufumbuzi
Uzito umeongezeka mara 2, kwa hiyo mraba wa kasi lazima uongezeke mara 2.
Mraba wa kasi ya kwanza = 4 × 4 = 16
Mraba wa kasi ya pili = 16 × 2 = 32
Kasi ya pili = kipeuo cha pili cha 32 = takriban mita 5.7 kwa sekunde

Nishati mwendo = ½ × tungamo × mraba wa kasi
Ya kwanza = ½ × 0.02 × 16 = jouli 0.16
Ya pili = ½ × 0.04 × 32 = jouli 0.64

Uzito umekuwa mara mbili, lakini nishati ya kugonga ukuta au mti imekuwa mara nne. Hapa ndipo wanafunzi wengi hupotea. Mtu akiona modeli yake imevunjika, huongeza mbao na gundi ili iwe "imara". Inakuwa nzito, inaenda kasi zaidi, inagonga kwa nguvu zaidi, na inavunjika tena. Mara nyingi modeli nyepesi hudumu kuliko nzito kwa sababu haigongi kwa nguvu.

4. UNENE NA UKAKAMAVU

Sasa utauliza: ubao mwepesi si dhaifu? Ndiyo, kipande kwa kipande chenye unene sawa, balsa nyepesi ni dhaifu kuliko nzito. Lakini mjenzi wa ndege halinganishi unene ulio sawa. Analinganisha uzito ulio sawa.

Ufito unapopindwa, ukakamavu wake hutegemea unene kwa kipeo cha tatu. Ukiuzidisha unene mara 2, ukakamavu huongezeka mara 8 (2 × 2 × 2).

Mfano wa 3
Fito mbili za balsa zina urefu, upana na tungamo sawa. Ufito P una densiti ya 0.30 na unene wa mm 2. Ufito Q una densiti ya 0.10 na unene wa mm 6. Chukulia kwamba ukakamavu wa asili wa balsa unalingana na densiti yake. Upi ni mkakamavu zaidi, na kwa mara ngapi?

Ufumbuzi
Kwa sababu ya densiti, mbao ya Q ina ukakamavu wa asili wa 1/3 ya ule wa P.
Kwa sababu ya unene, Q imezidi mara 3 × 3 × 3 = 27.
Jumla: 27 × 1/3 = 9
Ufito Q ni mkakamavu mara 9 kuliko P, ingawa uzito wao ni mmoja.

Kanuni hii haikuishia kwenye modeli. Ndege ya kivita ya Uingereza iitwayo Mosquito, iliyotumika katika Vita Kuu ya Pili, ilikuwa na kiwiliwili cha tabaka tatu: plaiwudi nyembamba nje, balsa katikati, na plaiwudi nyingine ndani. Plaiwudi ilibeba mvuto na mgandamizo, na balsa ilizitenganisha tabaka hizo mbili ili unene uongezeke bila uzito kuongezeka sana. Leo mapanga ya mitambo ya umeme wa upepo nayo hujengwa kwa namna hiyo, na katika mengi yake balsa imewekwa katikati.

5. MWELEKEO WA NYUZI NA NAMNA YA MKATO

Mbao ni kama fungu la mirija iliyolala upande mmoja. Kuivunja kwa kukatisha mirija ni kazi. Kuipasua kati ya mrija na mrija ni rahisi. Jaribu mwenyewe: kata vipande viwili vya balsa vyenye ukubwa sawa, kimoja nyuzi zikienda kwa urefu, kingine nyuzi zikikatisha upana. Vipinde vyote viwili. Cha pili kitakatika kama biskuti.

Kutokana na hilo tunapata kanuni: nyuzi zifuate njia ya mzigo. Bawa hupindwa kutoka ncha hadi ncha, kwa hiyo nyuzi zake ziende kutoka ncha hadi ncha. Kiwiliwili hupindwa kutoka pua hadi mkia, kwa hiyo nyuzi ziende kwa urefu wake.

Zaidi ya mwelekeo, angalia jinsi ubao ulivyokatwa kutoka kwenye gogo:
- Ubao uliokatwa kwa kufuata mzunguko wa gogo huonyesha mistari mirefu ya nyuzi. Hukunjika kirahisi kwa upana wake, hivyo hufaa kufunika umbo la mviringo. Haufai kwa bawa bapa, kwani hupinda upesi.
- Ubao uliokatwa kuelekea kwenye kiini cha gogo una madoa madogo yanayong'aa. Ni mkakamavu kwa upana wake, hivyo hufaa kwa mbavu, mkia na bawa bapa. Usijaribu kuukunja, utapasuka.
- Ubao wa mkato wa katikati ya hizo mbili hutumika kwa kazi za jumla.

6. KUFANYA KAZI NA BALSA

Vifaa: wembe au kisu kikali chenye mpini, rula ya chuma, msasa laini, kipande cha ubao bapa cha kuzungushia msasa, gundi nyeupe ya mbao, pini, karatasi ya nailoni na mizani.

Kukata. Kisu kiwe kikali. Kisu butu hakikati balsa, huiponda seli zake na kuacha ukingo uliochanika. Weka rula juu ya sehemu unayoitaka, ili kisu kikiteleza kiharibu kile unachotupa. Pitisha kisu kwa wepesi mara tatu au nne badala ya kukandamiza mara moja. Ukikandamiza, kisu hufuata nyuzi na kuiacha rula. Anza na mikato inayokatisha nyuzi, kisha malizia na inayozifuata. Vidole vyako visikae kamwe mbele ya njia ya kisu.

Kusugua. Zungushia msasa kwenye ubao bapa. Ukisugua kwa vidole, utachimba mabonde. Zungushia umbo ukingo wa mbele wa bawa na uchonge ukingo wa nyuma uwe mwembamba. Funika pua na mdomo, kwani vumbi la balsa ni jepesi na hukaa hewani kwa muda mrefu.

Kukunja. Lowesha ubao katika maji ya uvuguvugu, uufunge kwenye chupa au bomba kwa kitambaa, uache ukauke kabisa, ndipo uunganishe. Ubao uliolowa upande mmoja tu utapinda, kwa sababu upande uliolowa huvimba na ule mwingine haubadiliki.

Kuunganisha. Chora mchoro wa ukubwa halisi, uufunike kwa karatasi ya nailoni ili gundi isishike mchoro, kisha jenga juu yake. Kwanza unganisha vipande bila gundi. Penye mwanya, kata kipande kingine. Usijaze mwanya kwa gundi. Kiungo hushika kwa sababu nyuso mbili zimegusana na gundi imeingia kwenye vitundu vya mbao. Paka tabaka jembamba, bana kwa pini, futa inayotoka pembeni, na uache ikauke usiku kucha. Gundi inayobaki kama tone imekauka bila kazi yoyote isipokuwa kuongeza uzito.

7. KUSAWAZISHA: KILA GRAMU MAHALI PAKE

Kwa modeli rahisi ya kurushwa kwa mkono, anza na kitovu cha graviti kikiwa kati ya robo na theluthi ya upana wa bawa kutoka ukingo wa mbele. Bawa la upana wa sm 8 litasawazishwa kati ya sm 2 na sm 2.7.

Mfano wa 4
Mkia wa modeli upo sm 20 nyuma ya kitovu cha graviti, na uzito wa puani utawekwa sm 10 mbele yake. Chukulia sehemu nyingine zimesawazika zenyewe. Kokotoa tungamo ya kuwekwa puani ikiwa mkia ni (i) gramu 3, (ii) gramu 5.

Ufumbuzi
Momenti ya mbele = momenti ya nyuma
(i) m × 10 = 3 × 20, kwa hiyo m = gramu 6
(ii) m × 10 = 5 × 20, kwa hiyo m = gramu 10

Mkia umeongezeka gramu 2, pua ikaongezeka gramu 4, na ndege nzima gramu 6. Ndiyo maana ubao mwepesi kuliko yote uliyopima katika sehemu ya 2 huwekwa mkiani.

Kurusha. Chagua wakati usio na upepo na mahali penye nyasi. Sukuma modeli mbele kwa upole, pua ikiinama kidogo. Usiitupe juu kama jiwe.
- Ikiinua pua, ikasita, kisha ikaanguka: ongeza uzito kidogo puani.
- Ikipiga mbizi moja kwa moja: punguza uzito puani.
- Ikigeuka upande mmoja: kagua kama bawa au mkia umepinda.
Badili jambo moja tu kila mara, kisha rusha tena. Ukibadili mawili, hutajua lipi limeleta mabadiliko. Kanuni hiyo hiyo ndiyo inayokupa alama katika jaribio lolote la vitendo.

Kama balsa haipatikani mahali ulipo, usiache kazi. Chukua bua kavu la mtama, kadi ya boksi au povu la kufungashia vyombo, pima tungamo na ujazo, na uendelee kwa hatua zilezile.

8. MASWALI YA KUJIPIMA

1. Eleza kwa nini balsa huitwa mbao ngumu ingawa hubonyea kwa kidole.
2. Ubao wa balsa una urefu wa sm 90, upana wa sm 8, unene wa mm 3 na tungamo ya gramu 27. Kokotoa densiti yake na utaje ungeitumia wapi.
3. Modeli imeongezwa mbao mpaka tungamo yake ikawa mara 3. Kasi yake na nishati mwendo vitaongezeka mara ngapi?
4. Mwanafunzi amekata bawa nyuzi zikiwa zinakatisha urefu wa bawa. Tabiri kitakachotokea na utoe sababu.
5. Kwa nini gramu moja ya ziada mkiani hugharimu zaidi ya gramu moja ya ziada kwenye bawa?

MWONGOZO WA MAJIBU

1. Mgawanyo hutegemea aina ya mti. Balsa ni mti unaotoa maua.
2. Ujazo = 90 × 8 × 0.3 = 216. Densiti = 27 ÷ 216 = gramu 0.125 kwa sentimita ya ujazo, yaani kilo 125 kwa mita ya ujazo. Ni nyepesi: mkia au mbavu.
3. Mraba wa kasi huongezeka mara 3, hivyo kasi huongezeka takriban mara 1.7. Nishati mwendo huongezeka mara 3 × 3 = 9.
4. Bawa litavunjika linapopindwa na kani ya kuinua, kwa kuwa mbao ni dhaifu kati ya nyuzi na nyuzi. Jibu lisilo na sababu hupata nusu ya alama.
5. Mkia uko mbali na kitovu cha graviti, hivyo momenti yake ni kubwa na huhitaji uzito mwingine puani. Bawa liko karibu na kitovu, hivyo momenti yake ni ndogo.

Ukipata majibu matano, rudia swali la 3 na la 5 bila kutazama kitabu, ukiandika sababu kwa sentensi kamili. Ukiweza, mada hii umeimaliza.